Barua pepe moja, kompyuta mbili: kuacha nakala kwenye seva hakutoshi

Swali: Natumia anwani moja ya barua pepe nyumbani na kazini. Barua nilizosoma ofisini huwa sizioni nyumbani, na nilizojibu hazipo kabisa. Fundi ameniambia niweke tiki kwenye "acha nakala kwenye seva" katika kompyuta zote mbili, halafu niwe nabeba faili la barua kwenye flashi. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, na hiyo ya flashi usiijaribu kabisa.

Akaunti yako imeunganishwa kwa POP3 (au POP kwa kifupi), njia ya zamani ya kupokea barua. Kazi yake ni kuchota barua za kikasha pokezi, kuzileta kwenye kompyuta iliyoziomba, kisha kuzifuta kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inakofikia barua zako. Ile tiki inaahirisha kufuta tu, haiziunganishi kompyuta mbili. Kila moja inajichotea nakala yake. Uliyoisoma huku itaonekana mpya kule, na uliyoituma inabaki ilikotumwa, kwa sababu POP3 hairudishi chochote kwenye seva. Tena baadhi ya programu za barua huja zimewekewa kufuta baada ya siku 14: usipofungua kompyuta ya nyumbani kwa wiki tatu, za mwanzo utakuta zimeshaondoka. Ukiondoa kikomo hicho, kikasha kinajaa na wanaokuandikia wanarudishiwa barua zao.

Ushauri wa flashi ndio unaoniudhi zaidi, maana unapoteza barua za watu kila siku. Faili likinakiliwa programu ikiwa wazi, linaweza kuharibika. Na likinakiliwa salama, la ofisini linafunika la nyumbani pamoja na majibu yote uliyoandika jana usiku.

Unachohitaji ni IMAP, njia nyingine ya kupokea, ambayo huziacha barua kwenye seva na kompyuta zote zikasoma hapo hapo. Kwenye mipangilio utaulizwa poti (namba ya mlango wa muunganisho) na aina ya ulinzi unaoficha mawasiliano: kwa kawaida kupokea ni poti 993 kwa SSL/TLS. Kutuma ni 465 kwa SSL/TLS, au 587 kwa STARTTLS. Jina la mtumiaji mara nyingi ni anwani nzima. Kama umewasha uthibitishaji wa hatua mbili na nenosiri lako linakataliwa, huenda mtoa huduma anataka nenosiri maalumu la programu.

Hatari iko kwenye kuhama. Funga programu, nakili faili la barua pembeni. Ifungue tena, zuia akaunti ya POP isichote yenyewe, na hakiki nafasi iliyobaki kwenye seva. Kisha ongeza akaunti ya IMAP kando ya ile ya zamani, usiibadilishe wala kuifuta. Buruta barua za zamani kwenda kwenye folda za IMAP, mia chache kwa mara moja, na baada ya kila fungu ingia kwa kivinjari uone kama zimefika. Kwenye kompyuta ya pili buruta zile tu ambazo hazijafika, hasa zilizotumwa, la sivyo utapata kila barua mara mbili. Ukiona folda mbili za zilizotumwa, chagua ya seva kwenye mipangilio. Mwisho kabisa ndipo uondoe POP, hata kwenye simu ya zamani iliyo kabatini: kifaa kimoja kikibaki na POP kitaendelea kukomba kikasha, nawe utadhani IMAP ndiyo mbovu.

Wala msidhani kwamba IMAP ni hifadhi ya akiba. Ukifuta barua ofisini, imefutika na nyumbani. Weka nakala tofauti ya zile muhimu.

Na hili ni kwa wote mnaopeleka kompyuta kwa mafundi: "kufuta akaunti na kuiweka upya" ni njia ya haraka kwa fundi, si kwako. Barua zilizokuwa kwenye kompyuta hiyo peke yake zinaweza kwenda na akaunti, na seva haina cha kukurudishia. Nenosiri liandike mwenyewe, usimtajie. Kabla hajagusa chochote, mwambie akuonyeshe faili la barua zako liko wapi na nakala yake ameiweka wapi. Asipoweza kukuonyesha vyote viwili, chukua kompyuta yako uondoke.