Namba ya miwani si namba ya lenzi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mbagala, nina miaka 27. Navaa miwani tangu kidato cha pili; jicho la kulia ni -4.50, la kushoto -5.25. Nafunga ndoa wiki saba zijazo na sitaki miwani kwenye picha. Kuna dada Kariakoo anauza lenzi za rangi ya asali, kwenye meza moja na mawigi na kope za kubandika. Anasema nimtajie namba tu. Nichukue? Na ni kweli lenzi inaweza kupotelea nyuma ya jicho?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nakuomba usichukue.

Namba ulizonitajia ni za miwani, na miwani inakaa mbele ya jicho, umbali wa kama milimita 12. Lenzi inalala juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo hesabu inabadilika: -4.50 yako inakuwa -4.25, na -5.25 inakuwa -5.00. Ukivaa namba ya miwani, mbali utaona vizuri, lakini ukikaa na rundo la madaftari ya kusahihisha macho yatachoka mapema.

Namba hata hivyo ndilo jambo dogo. Kubwa ni umbo. Fundi wa kofia za vito hashoni kabla hajapima kichwa, na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, nayo ina mviringo wake. Haina mishipa ya damu. Hewa inaipata kutoka nje, kupitia machozi. Lenzi ikiibana, machozi hayapiti chini yake na jicho linakosa hewa. Ikilegea, inacheza na kukwaruza kila ukipepesa. Huyo dada wa Kariakoo hana cha kupimia hayo.

Ukienda kupimwa, tenga asubuhi nzima. Utaegemeza kidevu kwenye mashine isome mviringo kwa milimita. Watu wengi huangukia karibu na 7.8. Utatiwa tone la rangi ya manjano, kisha mpimaji atahesabu sekunde mpaka utando wa machozi uanze kupasuka. Zisipofika 10, hiyo ni dalili ya macho makavu, na aina ya lenzi itachaguliwa kwa kuangalia hilo. Atapindua kope kutafuta mzio, maana vumbi la chaki huuchochea. Halafu utavaa lenzi ya majaribio, ukae nje kwenye benchi kama dakika 20, ndipo aitazame kwa darubini: ukipepesa, inatakiwa isogee kidogo tu, chini ya nusu milimita, irudi katikati. Mahali ambapo hawakukalishi hizo dakika 20, ondoka.

Usitoke hapo kabla hujaivaa na kuivua mwenyewe. Iweke kwenye ncha ya kidole, itazame kwa ubavuni. Ikisimama kama bakuli, iko sawa. Kingo zikimwagika nje kama sahani, imegeuka ndani nje.

Sasa maji, na hapa nisikilize kama ninavyomwambia binti yangu. Nikiwa chuoni lenzi iliniangukia kwenye sinki. Nilikuwa nimechelewa kipindi, nikaisuuza kwa maji ya bomba, nikairudisha jichoni. Siku mbili baadaye sikuweza hata kuangalia dirisha. Nilitibiwa wiki tatu kwa dawa ya matone, usiku na mchana, na kovu dogo limebaki kwenye konea ya kushoto mpaka leo. Maji ya bomba, ya simtanki, ya kisima, ya bahari, hata ya chupa yasiguse lenzi. Mate ndiyo usiyafikirie kabisa.

Nyuma ya jicho lenzi haiendi. Utando wa ndani ya kope umejikunja na kushonana na jicho, ni mfuko uliofungwa. Inaweza kujificha juu tu, utaitoa.

Wiki saba zinatosha ukianza wiki hii. Kwa kuwa unazitaka kwa sherehe, omba zile za kuvaa siku moja na kutupa. Hazina kikopo wala dawa ya kuoshea. Vaa kabla hujapakwa vipodozi, vua kabla hujavifuta, na mpambaji asipitishe wanja ndani ya ukingo wa kope. Usilale nazo hata ukirudi kutoka ukumbini saa nane usiku. Rangi ya asali ukiitaka, nazo hupimwa vilevile, ingawa mimi ningependa bwana harusi aone macho anayoyajua.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikataa mwanga, vua na uende hospitali siku hiyohiyo, Muhimbili au CCBRT pale Msasani, na lenzi uliyovua uende nayo. Na kwenye begi la fungate, miwani itangulie kuingia.