Skripti moja kwa kompyuta tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wilayani Newala. Nimeandika skripti ya sheli (faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa mfuatano) inayojumlisha kilo za korosho zilizopokelewa ghalani na kubadilisha tarehe kwenye ripoti. Kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ilifanya kazi vizuri; kwenye Mac ya mwenzangu aliyeko Mtwara mjini amri ya sed, inayobadilisha maandishi, inagoma, na tangu mhasibu alipoihifadhi upya kwenye Windows, hata kwangu haiendi. Je, niandike skripti tatu?

JIBU: Ndugu karani, tafadhali usiandike tatu. Siku utakayosahihisha moja na kusahau nyingine, jumla ya kilo za mkulima yuleyule itatofautiana kati ya ofisi na ofisi, na hilo ni zito kuliko skripti kugoma.

Anza na faili la mhasibu. Windows kwa kawaida hufunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, ilhali Linux na macOS hutumia moja tu. Ile ya ziada, \r, hujibandika mwishoni mwa mstari wa kwanza, unaotaja programu ya kuendesha skripti, na Ubuntu ikatafuta programu iitwayo /bin/sh yenye mkia, ambayo haipo. Lisafishe kwa tr -d '\r' < ripoti.sh > safi.sh, kisha ulipe faili jipya ruhusa kwa chmod +x, hatua ambayo husahaulika kwa urahisi. Mhasibu naye aweke WSL, inayompa Linux ndani ya Windows, na akipange kihariri chake kihifadhi mistari kwa LF, ile alama moja ya Linux.

Kuhusu sed, ile ya Mac imetokana na BSD, tawi jingine la mifumo ya Unix, na baada ya -i hudai kiambishi cha nakala ya akiba, kwa hiyo huyachukua maelekezo yako kuwa ndicho kiambishi. Andika sed -i.bak, bila nafasi katikati, na kompyuta zote zitakubali.

Kwa kuwa umeanza na #!/bin/sh, jifunge na POSIX, kiwango cha amri zinazokubalika kwenye mifumo yote ya aina hii: epuka mabano mawili [[ na safu za Bash (sheli yenye nyongeza nyingi), maana tangu 2006 sh ya Ubuntu ni dash, sheli nyepesi isiyoyajua hayo. Amri ya date +%Y-%m-%d ni salama kote. Tarehe ya jana ndiyo yenye utata, kwani Linux hutumia -d na Mac hutumia -v. Hapo pekee uliza kwa amri ya uname -s, itakayojibu Linux au Darwin (jina la kiini cha mfumo wa Mac), na ugawe njia kwa case, inayochagua amri kulingana na jibu.

Ijaribuni kwenye kompyuta zote tatu kwa daftari moja la mapokezi kabla minada haijaanza, mkilinganisha jumla kilo kwa kilo.