Sebule Yangu ya Rangi ya Udongo, na Swali la Wifi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimepaka sebule rangi ya udongo kama yako, lakini kwangu imetoka ya waridi. Nimekosea wapi?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Ulinirudisha kwenye sebule yangu ya kwanza.

Rangi ile niliichagua kwenye kadi, kipande kisichozidi kidole gumba, nikiwa nimesimama chini ya taa za dukani. Nikanunua ya kutosha kuta zote nne. Nilipaka mwenyewe siku mbili, shingo ikakakamaa. Jioni ya kumaliza, wifi yangu akaja, akasimama mlangoni, akauliza mbele ya wageni: "Hizi kuta zimeingia unyevu?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda chumbani nikalia. Ni miaka sita sasa, na sauti ile bado naisikia.

Nilikuja kujifunza kwamba rangi ya udongo si moja. Kwenye nyeupe hutiwa oksidi za chuma, yaani unga wa rangi wa jamii ya kutu, ya njano na nyekundu, na weusi kidogo. Nyekundu ikizidi, ukuta unaelekea waridi. Njano ikizidi, unakuwa haradali. Weusi ukizidi, unaonekana mchafu. Kwenye kadi huyaoni hayo, lakini kuta nne zikitazamana zinaongezana nguvu. Mimi nilikuwa na balbu za Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), zile nyeupe zenye ubuluu, na dari nyeupe kali. Joto lote la rangi likafa.

Mara ya pili nilipaka kadibodi kubwa tatu, nikazihamisha ukuta hadi ukuta kwa siku tatu. Nikaweka balbu za Kelvini 2700, zile zenye mwanga wa manjano, dari nikaipaka nyeupe ya maziwa. Sebule ile leo ndiyo fahari yangu. Jua la jioni likiingia, kuta zinawaka kama chungu kipya. Wifi hajasema neno, ila kila akija hukaa kwenye kiti kinachotazama ukuta ule.

Ndugu zangu, jaribuni kwanza! Paka kadibodi mara mbili, iache ikauke kabisa, maana rangi mbichi si ile iliyokauka. Itazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Narudia, jaribu kwanza. Usiige ukuta wa mtu, hata huu wangu, kwa sababu mwanga wangu huna.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, usikimbilie kununua kopo jingine. Tazama sakafu. Kama una zulia jekundu au vigae vyekundu, wekundu huo unapanda ukutani. Tandika mashuka meupe mchana mmoja, uangalie. Waridi likitoweka, badilisha zulia. Likibaki, ni rangi yenyewe. Tafuta inayoelekea njano, na safari hii anza na kadibodi.