Kuhamia Ujerumani na watoto
Dada, umeuliza mbebe nini mkihamia Ujerumani na watoto wawili. Masufuria acha. Beba kadi zao za kliniki: tangu 2020 shule na chekechea zinadai uthibitisho wa chanjo ya surua, na bila huo chekechea hawampokei mtoto. Mkishaingia kwenye nyumba mna wiki 2 tu za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na mwenye nyumba lazima awape fomu yenye sahihi yake ya kuthibitisha mmehamia hapo. Sisi wetu alituzungusha weee! Bila karatasi ile hata akaunti ya benki inakuwa kazi. Lugha ya watoto usihofu, watakupita mapema. Unga wa ugali upo maduka ya Waafrika, ila ukisikia bei utaguna.