Rafiki yako yuko hoi kitandani na mume aliyemkimbia karudi kuulizia nyumba

Naanza na ile ambayo watu hawapendi kuisikia. Ukiwa rafiki tu, mbele ya sheria huna cheo. Hata kama ndo wewe unayemwogesha, unayekesha kwenye kiti wodini na kulipa bili, akitokea mume ambaye hawajaonana miaka lakini talaka haijatoka, atasikilizwa yeye kwanza. Kutengana sio talaka jamani. Mpaka ndoa ivunjwe rasmi huyo bado ni mume, kwenye fomu za hospitali ndo ndugu wa karibu, na mgonjwa akifariki bila wosia sehemu nyingi anahesabiwa kwenye warithi. Rafiki yangu alipopata kiharusi, upande wa kulia wote ukapooza na maneno yakagoma kutoka, mume wake alifika wiki hiyohiyo anaulizia hati ya nyumba iko wapi. Maendeleo ya mgonjwa hakuyauliza.

Najua unavyojisikia hapo, unataka kumalizana naye mlangoni. Usithubutu. Kama nyumba ina majina ya wote wawili, au sheria za hapo zinaihesabu kuwa nyumba ya ndoa, ana haki ya kuingia, na ukimfungia nje wa kuitiwa polisi ni wewe. Kwa hiyo kabla hujagusa kitasa jua nyumba iko kwa jina la nani. Nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi wa hati, nchi nyingi hilo linaruhusiwa kwa ada, utaona mmiliki ni nani na kama kuna mkopo umewekwa juu yake. Hapohapo ulizia habari ya zuio, yaani ombi linaloandikwa kwenye kumbukumbu za kiwanja ili mtu akitaka kuuza au kukopea asiweze kupita kimyakimya. Ila zuio wanalipokea kwa mtu mwenye maslahi kwenye mali au anayemwakilisha mwenye mali, wewe rafiki watakurudisha. Kwetu sisi mdogo wake wa kike ndo alienda kusaini kila kitu, mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili na kumpa moyo.

Na hiyo ndo kazi kubwa ya rafiki kiukweli, kumtafuta mtu wa damu anayemjali mgonjwa, halafu wewe uwe shahidi na mtunza kumbukumbu. Mtu wa damu ana mlango wa kuingilia mahakamani, wewe una macho.

Nikupe mfano. Siku moja nimefika saa ya kuona wagonjwa, nikamshika mkono kumsalimia, nakuta kidole gumba cha kulia kina wino wa bluu mpaka kwenye kucha. Mkono wa kulia, ule ambao hauwezi hata kujikuna! Kumbe alikuja mume na mtu mwingine wamebeba karatasi na kibati cha wino, wakachukua dole gumba wakaondoka. Sikupiga kelele, nikakipiga picha kile kidole, nikamwita nesi mkuu wa zamu aandike kwenye faili la mgonjwa kilichoonekana na saa ngapi, na mdogo wake akamwomba daktari barua inayoeleza hali ya mgonjwa tarehe ile, nini anaelewa, nini hawezi kukifanya. Barua kama hiyo yenye tarehe ina uzito kuliko maneno ya watu kumi, maana hati iliyosainiwa na mtu asiyeelewa anachosaini, au aliyeshikwa mkono akasainishwa, inaweza kubatilishwa mahakamani. Pia omba wodi iandike nani anaruhusiwa kuingia na nani aingie nesi akiwepo.

Sasa kuna jambo wengi wanalipita haraka. Kutokuongea sio kutokuelewa. Kiharusi kinaweza kuchukua maneno kikaacha akili pale pale, na sheria za nchi nyingi zinaanza na dhana kwamba mtu mzima ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike hana, tena uwezo unapimwa kwa jambo moja moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 12, unasema hao watu ni sawa na wengine mbele ya sheria na wasaidiwe kutumia haki hiyo. Kwa hiyo muulize mwenyewe! Mtaalamu wa matamshi alitufundisha kutumia picha na kubana mkono wa kushoto, mara moja ndiyo mara mbili hapana, na tulipomuuliza kama anataka mume ashike mambo yake alibana mara mbili mpaka mtaalamu akacheka. Likaandikwa.

Hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kufanya mambo kwa niaba yako, nayo ina mtego. Ile ya kawaida nchi nyingi inakufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani siku unayoihitaji ndo haipo, na akishapoteza uwezo hawezi kutoa mpya. Nchi nyingine zina aina inayoendelea kufanya kazi, lakini lazima iandaliwe mapema na iseme hivyo. Ikishindikana inabaki kuomba mahakama iteue msimamizi, na hapo mume naye anaweza kuomba, tena mara nyingi mwenza anaangaliwa kwanza, ndo maana pingamizi liende na ushahidi wa kutengana, meseji za zamani, anwani tofauti, nani alikuwa analipa nini.

Nyumbani piga video chumba kwa chumba, fungua na makabati, jirani awepo. Hati na kadi za benki akae nazo ndugu au wakili kwa karatasi iliyosainiwa, sio mkoba wako. Piga simu bima, maana bima nyingi za nyumba zinapunguza kinga nyumba ikikaa tupu muda mrefu. Simu yake zima uifungie. Na kadi yake ya benki usiiguse hata kama unajua namba ya siri na unanunua dawa zake, toa yako uweke risiti, wakili wa upande wa pili anatafuta hichohicho. Usihamie kwenye ile nyumba pia, hata kwa nia njema.

Akianza kupata nafuu usisubiri apone kabisa. Siku daktari akisema anaelewa, wakili aje, zisainiwe hati ya uwakilishi, wosia na ombi la talaka kama anataka, halafu mfuatilie fomu za bima na mafao ya kazini kuona nani ameandikwa kupokea. Za rafiki yangu zote bado zilikuwa na jina la mume. Ya kazini imebadilishwa, ya bima wanang'ang'ania sahihi ifanane na ya zamani wakati sasa anasaini kwa kushoto, wakili bado anahangaika nao.