Mwenzako akikosea, mfuate kabla mpira haujarudi mchezoni

Mdogo wangu, umeuliza ufanye nini kwenye mechi ya mpira wa kikapu refa mwenzako akiwapa weupe, yaani timu ya jezi nyeupe, mpira wa auti, na wewe umeona wazi kuwa weupe ndio walioutoa. Puliza filimbi hapo hapo, mfuate, mwambie kwa sauti ya chini: "Mweupe kaugusa mwisho, nina uhakika." Kisha mwache abadilishe ishara mwenyewe. Usioneshe mkono upande wa pili ukiwa mbali; sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, hazimruhusu refa kutengua uamuzi wa mwenzake ulio ndani ya majukumu yake. Kama huna uhakika, nyamaza.

Faulo ni jambo jingine. Yeye alikuwa karibu, wewe ulikuwa upande wa pili, huenda aliona mkono ambao wewe hukuuona. Hiyo mwachie, mtaongea mapumziko.

Ila mitupo huru ikipigwa na mchezaji asiyestahili, wahi. Kosa hilo sheria inaruhusu kulisahihisha, lakini kwa muda mfupi tu. Ukipita, limepita.

Na kocha akikufuata kulalamika, usimwambie "hata mimi nimeona kakosea". Hapo umemuuza mwenzako.

Nakusisitizia kwa sababu mimi niliwahi kunyamaza. Mechi ya jioni hapa Dodoma, upepo na vumbi lake, mwenzangu akahesabu pointi mbili kwa mtupo wa pointi tatu. Miguu ya mtupaji niliiona nyuma ya mstari wa pointi tatu. Vijana wale walifungwa kwa pointi moja, na mpaka leo inaniuma.