Usiichaji Bolt ndani usiku

Kaka, umeuliza kama uendelee kuichaji Chevrolet Bolt yako ya umeme ya 2019 usiku, kwenye gereji ya nyumbani, huku ukingoja kubadilishiwa betri yenye kasoro. Tafadhali, acha. Kasoro imo ndani ya seli zenyewe za betri: ncha ya anodi (upande hasi wa seli) iliyochanika na utando wa kutenganisha pande mbili za seli uliojikunja. Vikikutana kwenye seli moja, moto unaweza kuzuka hata gari limezimwa. GM, watengenezaji wa gari hili, walielekeza chaji isipite asilimia 90, isishuke chini ya ile ya kwendea maili 70, na ukishachaji uliegeshe nje. Mimi ningelisogeza mbali kabisa na dirisha la watoto.

Kisha soma namba ya utambulisho wa gari (VIN) chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama gari lako linahusika. Betri hulipii, hata kama gari ulilinunua mkononi.